Turubai la Matanga ya Mama

Mimi ni mtu wa hasira. Nasema mapema ili mtu asije akaniambia sikumwonya. Mama alikuwa akisema mimi nilizaliwa nimekunja ngumi, na mdogo wangu wa kiume aliyenifuata alizaliwa anacheka. Tulikuwa wawili tu wa tumbo moja. Nilimbeba mgongoni mpaka akawa na miguu mirefu inayonigonga visiginoni, na nikilalamika kwamba mtoto huyu mzito, mbona hashuki akatembea, mama hujibu bila hata kugeuka, "Ng'ombe haelemewi na nunduye." Basi namweka sawa mgongoni, twaendelea na safari.

Kwetu ni Kisauni, nyuma ya Shanzu. Ukizipa mahoteli mgongo, ukavuka barabara ya Malindi, ukapita maduka na nyumba za kupanga na kanisa letu la mabati, nchi inafunguka. Kuna mikorosho, kuna vichaka, kuna nyasi. Baba alituachia malisho hapo, na majirani wanapaita "ranchi" kwa kunitania, maana ng'ombe wangu wote ukiwapanga hawajazi hata kivuli cha mikorosho miwili. Waache wanitanie. Maziwa ninayopeleka Ziwa la Ng'ombe kila asubuhi yanatoka hapo, na huko, pamoja na jina lake lote hilo, sijaona ziwa wala ng'ombe. Wanangoja yangu.

Katika ng'ombe hao alikuwamo mmoja ambaye si wangu hasa. Alikuwa wa mama. Mama alipoolewa alikuja na jike mwekundu kutoka kwa babake, huko bara kwa Wagiriama, na kila mwekundu aliyezaliwa kwetu alitoka kwa yule. Ndigana, ule ugonjwa wa kupe, iliwapitia mwaka mmoja ikawafagia, akabaki mtamba mmoja. Mama alipokuwa mgonjwa, hawezi tena kusimama vizuri, alinishika bega tukaenda hadi zizini, akamwekea mkono kwenye paji la uso yule mtamba. Akaniambia, "Huyu hauzwi, hachinjwi, hapewi mtu. Akizaa jike, na huyo vivyo hivyo. Siku wekundu wakiisha hapa, na mimi nitakuwa nimeisha." Mdogo wangu alikuwa papo hapo, kaegemea mlango wa zizi. Alisikia kama nilivyosikia mimi.

Mama alipofariki tulinunua turubai, mimi na mdogo wangu, la manjano, kubwa, ili watu wa matanga wasichomwe na jua. Kwetu turubai la namna hiyo halirudi kuwa kitu cha mtu mmoja. Mjomba akifiwa anakuja kulichukua, shangazi akifiwa analichukua, na matanga yakiisha linarudi kwangu, nalifua, nalikunja, naliweka juu ya dari. Ukitaka kujua nani ni wetu, tazama nani anaketi chini ya lile turubai.

Mdogo wangu alikuwa dereva wa hoteli Shanzu. Hoteli ikapunguza watu, naye akapunguzwa. Akakaa kwangu muda, anakunywa maziwa asubuhi, anaangalia simu, anakwenda barazani, anarudi. Mwanamume asiye na kazi anaoza huku unamwona. Kwa hiyo siku alipokuja mbio kuniambia amepata kazi kwa watu wanaorusha watalii kwa helikopta, nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Kazi yenyewe ilikuwa kupokea wageni, kuwafunga mikanda, na kupanda nao awaonyeshe hiki na kile, maana mdogo wangu mdomo anao. Jumapili nilisimama kanisani nikatoa shukrani mbele za watu. Nikikumbuka shukrani ile huwa nasikia aibu mpaka kwenye masikio.

Mwanzo helikopta ilifuata bahari, na bahari si yangu. Halafu ikaanza kukata kuja bara. Wacha nikwambie jinsi ilivyo. Haiji kama ndege kubwa. Nina mama mdogo anakaa Port Reitz, karibu na uwanja wa ndege, ana mbuzi wake nyuma ya nyumba, na madege makubwa yanapita juu yao kutwa kucha na mbuzi hawainui hata kichwa. Nilimwuliza amewafanyia nini. Akacheka akasema, "Mwanangu, ndege kubwa zina adabu. Zina njia yao, zinapita, zinakwenda. Mnyama anamzoea hata shetani akija kwa njia moja." Hii ya kwetu haikuwa na njia. Inatokea nyuma ya mikorosho, iko chini mpaka unamwona mtu aliyemo na miwani yake, inazunguka, inasimama hewani, inainama. Vumbi linapanda, majani yanaruka, kuku wanakwenda kusikojulikana. Na ng'ombe, maskini, wanakimbia popote ambapo macho yametazama, na mara nyingi macho yanatazama seng'enge.

Yule mwekundu alikuwa na mimba yake ya kwanza. Siku hiyo alikimbia na wenzake toka juu ya malisho mpaka chini, wakageuka, wakapanda tena. Keshoye alikataa majani. Siku iliyofuata akaitupa mimba, nyuma ya kichaka, peke yake. Daktari wa mifugo alimpima, mdogo wangu akiwapo, akaniambia hakuona ugonjwa, huenda ni mshtuko na zile mbio, na akishika tena nimwepushe na mambo hayo, kwa sababu jike anayezoea kutupa hufika mahali asishike kabisa. Nilisimama pale nikamwahidi daktari kama ninayemwahidi mama.

Basi nikaanza vita yangu na mbingu. Nilifunga vitambaa vyeupe kwenye seng'enge yote, ng'ombe wakikimbia waione. Niliongeza banda la makuti likawa refu, ili ikitokea kelele wawe na pa kuingia gizani, maana ng'ombe akiwa gizani na wenzake moyo hutulia. Nilimwekea mwekundu jirani, jike mzee mvivu ambaye hata radi ikipiga anatafuna tu, nikitumaini mtoto atajifunza kwa mkubwa. Nilitundika redio bandani ikawa inapiga kutwa, mahubiri na taarabu na matangazo ya vifo, wazoee kelele. Majirani walisema nimerukwa na akili. Mmoja aliniuliza ng'ombe wangu wanapenda mhubiri gani. Nikamwambia wanapenda yule anayehubiri juu ya watu wasiojua mambo yao.

Mwekundu akashika tena. Nilifurahi na kuogopa pamoja. Nikavaa viatu nikasema leo leo nakwenda huko zinakorukia, nikamshike koo mwenye helikopta. Mdogo wangu akanikuta njiani na pikipiki.

"Dada, rudi nyumbani," alisema. "Wewe ukienda utapandisha hasira, na ukipandisha nitafukuzwa mimi. Niachie mimi. Mimi niko ndani."

"Uko ndani na ng'ombe wanatupa mimba?"

"Niachie, dada. Si ng'ombe wa mama yule? Unafikiri mimi sijui?"

Nilimwachia. Nimekwisha kusema mimi ni mtu wa hasira, na mtu wa hasira siku zote ana mtu mmoja ambaye neno lake linamzima. Mimi wangu alikuwa huyo.

Akarudi jioni anacheka. Amezungumza na rubani, amezungumza na wakubwa, mambo yamekwisha. Kulikuwa na jambo dogo tu. Rubani akiwa juu hajui ng'ombe wako upande gani siku hiyo, kwa hiyo atakwepaje? Inatakiwa alama. "Lile turubai la matanga," akasema. "Lile la manjano linaonekana toka baharini. Asubuhi ukishawatoa, litandike karibu na pale walipo, juu ya kichaka au chini kwenye nyasi. Rubani akiliona tu, anajua hapa kuna ng'ombe, anapita mbali."

Moyo wangu ulisita kidogo. Turubai la matanga halitandikwi hivi hivi, na mtu hajafa. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Mama mwenyewe angelitoa, dada. Ni kwa ajili ya ng'ombe wake." Na kweli, ukimjua mama, angelitoa. Nikapanda darini nikaliteremsha.

Siku za mwanzo palikuwa kimya. Helikopta niliisikia upande wa Mtwapa, ikaenda zake. Nilimpikia mdogo wangu wali wa nazi na kuku, nikamwambia Mungu akuweke. Alikula mpaka akafungua mkanda.

Halafu ikarudi. Na iliporudi ilikuja moja kwa moja, haitafuti tena. Ilishuka juu ya mikorosho ikaja pale pale nilipotandika. Nilidhani rubani ni mgeni, hajaambiwa. Nikampigia mdogo wangu simu, akasema ndiyo, ni rubani mpya, ataelekezwa. Ikaja tena. Akasema jua lilikuwa linampiga rubani usoni, hakuliona. Ikaja tena. Akasema, "Dada, turubai limeingia vumbi, rangi haionekani." Mimi nami, mama wee, nikalifua! Nililitandaza uani nikalisugua kwa sabuni ya unga na ufagio, nikapiga magoti juu yake, mpaka likang'aa kama siku tuliyolinunua. Nililing'arisha kwa mikono yangu miwili, wapate kuliona vizuri.

Kuna kitu kimoja nilikiona wakati ule na sikukielewa. Mwekundu alianza ukaidi. Asubuhi nikiwafungulia, wenzake wanatoka, yeye anasimama mlangoni. Akiniona na lile turubai begani ndiyo kabisa, anarudi nyuma mpaka kwenye kona. Nilisema ni mimba, majike wenye mimba wana mambo yao. Namsukuma, namsemesha, siku nyingine namgusa na fimbo, mpaka anatoka huku ananitazama.

Siku ilipotokea nilikuwa karibu kabisa, nakata kuni. Helikopta ilikuja chini kuliko siku zote. Ilizunguka kundi mara ya kwanza, ng'ombe wakaanza kukimbia. Ikazunguka mara ya pili, ikawarudisha. Nilitupa panga nikakimbia na fimbo, leso imenidondoka kichwani, napiga kelele ambazo mwenyewe sikuzisikia. Mwekundu alikuwa mbele. Tumbo lile kubwa, miguu ile. Akaipiga seng'enge kwa kifua, vitambaa vyangu vyeupe na yote, akapinduka upande wa pili. Helikopta ikainuka, ikaenda zake baharini.

Alizaa jioni ile kabla ya siku zake. Ndama alikuwa jike, mwekundu mtupu, hana hata baka. Alikuwa amekwisha kufa.

Mdogo wangu alifika na pikipiki jua linazama. Aliponiona nimekaa chini zizini alivua shati lake zuri la kazini akalitundika, akachukua jembe. Tulichimba pamoja, nyuma ya zizi. Alilia. Nasema nilichokiona: machozi yalimtoka, akayapangusa kwa mkono wenye udongo. Alisema, "Pole, dada. Watu wale hawana utu. Wallahi hawana utu." Mimi nikamwambia jikaze, si kosa lako, wewe umefanya uliloweza. Nilimfariji mimi! Nilimpa maji anawe, nikampangusa udongo usoni kwa leso yangu kama alipokuwa mtoto.

Daktari alikuja, akamshona mwekundu kifua, akatikisa kichwa. Alisema ameumia ndani, hatazaa tena huyu. Basi wekundu wa mama walikuwa wameisha, amebaki mmoja anayetembea.

Nina shoga yangu wa kanisani anayeuza leso na vikapu kwa watalii ufuoni Shanzu. Wiki chache baada ya hapo, tumetoka ibada, akanishika mkono akanivuta kando ya tangi la maji. Alikuwa na simu mkononi na uso umesawijika.

"Shoga, kuna kitu. Sijui nikuonyeshe au nisikuonyeshe."

"Umekwisha sema. Onyesha."

Ilikuwa video. Wale watu wa helikopta wanaipeleka kwa wageni, kuwavuta waje warushwe, na mgeni mmoja alimrushia yeye, ati ona tulivyofurahi. Nilishika simu, nikaikinga jua kwa kiganja. Nikaona bahari, nikaona mapaa ya mahoteli, nikaona mikorosho, nikaitambua mikorosho yangu. Sikuwahi kuiona kwa juu. Na katikati ya majani, kitu cha manjano kinang'aa, kisafi mno.

Nikasikia sauti. Kabla ya kuona uso niliijua sauti. Kwa Kiswahili alimwambia rubani, "Turubai lile pale. Ng'ombe wako hapo hapo. Shuka." Kisha akawageukia wageni kwa Kizungu chake cha hotelini, nami nilifua mashuka ya hoteli hizo hizo miaka mingi, Kizungu cha namna ile hakinipiti. Aliwaambia watayarishe simu zao, sasa wataona mbuga yao wenyewe ya wanyama. Ng'ombe wakaanza kukimbia. Wageni wakapiga makofi. Naye, mdogo wangu, akapiga mbinja, ile mbinja ya baba ya kukusanyia kundi, ambayo tulifundishwa pamoja tukiwa wadogo, mimi kwa vidole viwili na yeye kwa kimoja.

Halafu nikajiona. Mwanamke mdogo, hana leso kichwani, anakimbia na kijiti, mdomo wazi. Kwa juu nilionekana kichekesho kweli. Mzungu mmoja akauliza kwa kicheko, "Huyo ni nani?"

Na mdogo wangu akajibu, "Ah, ni mama mchunga ng'ombe tu wa pale."

Shoga yangu alitaka kuichukua simu yake. Nilimwambia ngoja. Niliirudisha nyuma nikasikiliza tena, labda nimesikia vibaya. Sikuwa nimesikia vibaya. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na nimelisikia neno hilo tangu utotoni nikidhani ni ukweli kama jua na mvua. Haki ya Mungu, siku ile niliwaona wahenga waongo. Hasira yangu yote ninayojulikana kwayo, niliitafuta sikuipata. Kulikuwa na baridi tu kifuani, na mchana ule wa Januari watu walikuwa wanajipepea.

Sikumpigia simu. Nilirudi nyumbani nikalikunja turubai, nililokuwa bado nalitandika kila asubuhi, nikaliweka ndani ya banda nyuma ya magunia. Keshoye sikulitandika. Helikopta ilikuja, ikazunguka mbali huko, ikaenda kwa jirani, ikarudi, ikaondoka. Kesho kutwa vilevile. Niliwalaza ng'ombe chini ya mikorosho iliyofungana na nikakaa nao. Walitafuna. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Siku ya tatu yake mdogo wangu akaja, mchana, na shati la kazini. Moyoni nilikuwa nimemwekea nafasi moja. Nilisema akija, akianza kwa kuuliza ng'ombe wa mama anaendeleaje, kidonda kimefunga au hakijafunga, nitamsikiliza. Nilimwekea nafasi hiyo kama unavyomwekea mtu chakula kilichofunikwa.

Akaegesha pikipiki. "Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Dada, mbona siku hizi hutandiki turubai?"

Nilikuwa nachambua mchicha. Niliendelea kuuchambua. "Kwani nani analitafuta?"

"Rubani. Anasema haoni alama. Atajuaje pa kukwepa? Nakuhofia wewe."

"Mwambie," nikasema, "yule mama mchunga ng'ombe wa pale amechoka."

Nilimwinulia macho. Kicheko chake alichozaliwa nacho kilikuwa bado kiko usoni, kikabaki hapo kidogo bila mwenyewe. Kisha kikaanguka. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu hakuna aliyemkaribisha kiti.

Alisema mambo mengi. Alisema ilianza kweli, dada, tulipatana kweli, rubani alikuwa anakwepa. Siku moja wakapita karibu kwa bahati mbaya, ng'ombe wakakimbia, mgeni mmoja akafurahi akawaambia wenzake, na wenzake wakaja wanauliza iko wapi ile ya ng'ombe. Mkubwa akamwuliza, wewe si mwenyeji wa huko? Unaweza kutupeleka kila siku? Na wakati huo walikuwa wanapunguza watu tena. "Ningesema nini, dada? Ningerudi kukaa barazani kwako?"

"Ungesema hapana."

"Sikujua ataanguka. Ng'ombe hukimbia tu, halafu wanasimama."

"Mimba ya kwanza alipoitupa ulikuwapo. Daktari aliposema ulikuwapo." Sauti yangu ilikuwa ndogo, mpaka mwenyewe niliishangaa. "Na shimo ulichimba. Ulikuwa umetoka kupiga mbinja juu ya kichwa changu, ukaja ukachimba shimo na mimi. Nikakupangusa uso."

Alitazama viatu vyake.

Niliinuka nikaenda bandani kulitoa turubai. Nilitaka nimpe, aondoke nalo, lisikae tena juu ya kichwa changu. Nililitwaa mikononi, nikatoka nalo juani. Ng'ombe walikuwa wamepumzika pale uani, wametulia. Mwekundu alikuwa amelala chini.

Akaliona. Aliinuka kwa kishindo, kidonda na yote, macho yamemtoka weupe, akageuka mbio. Hewani hakukuwa na kitu. Kulikuwa kimya hata ungesikia kuku akikwaruza. Akakimbia mpaka kwenye kona ya zizi akajibana hapo, anatetemeka ngozi nzima, na mkojo unamtoka. Wenzake walimtazama tu.

Nikasimama na turubai mikononi. Asubuhi zote zile alizokuwa akirudi kwenye kona, na mimi namsukuma. Yule mnyama alijua mambo ya nyumba yetu kabla yangu mimi.

Mdogo wangu naye aliona. Alikuwa amesimama, mkono mdomoni. "Dada," akasema. "Dada, nisamehe."

Nililitupa turubai miguuni pake. Nikamwambia, "Lichukue. Ni la mama yetu, sitalichana wala kulichoma. Likae kwako. Lakini sikiliza vizuri, maana nasema mara moja. Mimi na wewe, tangu leo, hatuzikani. Nikifa mimi, usije. Ukifa wewe, siji."

Kwetu neno hilo si la kutishia. Mtu analimeza mwaka mzima kabla ya kulitoa, na wengine hufa nalo tumboni. Nilimwona likimwingia. Alilikunja turubai polepole, akalifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, akaisukuma kwa miguu mpaka barabarani ndipo akaiwasha, asimshtue ng'ombe. Adabu ilimjia siku hiyo.

Mama mdogo alikuja toka Port Reitz kutupatanisha. Alisema damu ni nzito, alisema mdogo wangu ameacha ile kazi, alisema mtoto anakonda. Nilimpikia chai, nikampa maziwa ya kubeba. Nilimwambia nimesikia.

Mwaka huu mjomba alifariki. Nilikwenda, kwa sababu mjomba hakunikosea. Nilifika mapema, na kwa mbali niliona manjano. Alikuwa amelifunga mwenyewe kwenye miti, kazi nzuri, kamba zimekazwa, na chini yake walikuwa wameketi wote, mashangazi, binamu, watoto, mama mdogo na mbuzi wake mmoja aliyemleta kwa matanga. Palikuwa na nafasi imeachwa, katikati, mahali anapokaa dada mkubwa. Yeye alikuwa amesimama pembeni, ameshika mti wa turubai, ananitazama.

"Njoo kivulini, dada," mama mdogo akaniita.

Nikachukua kiti changu cha plastiki, nikakibeba mpaka nje kabisa, mwisho wa uwanja, nikaketi juani.